Mkono wa Garam na Kijiko cha Bibi

Kila asubuhi, kabla Narae hajamaliza kufunga kamba za viatu vya shule, vita vya kijiko vilikuwa vimeshaanza.

Bibi alikuwa amekaa kwenye sakafu yenye joto, amembana mjukuu wake Garam katikati ya magoti. Mkono mmoja ulishika kidevu cha mtoto, mwingine ulishika kijiko cha uji wa mchele.

"Haya, fungua mlango, mgeni anaingia!" Bibi aliimba.

Garam, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea.

"We mtoto, umetia kufuli?"

Akageukia kushoto, kijiko kikamfuata. Akageukia kulia, kijiko kikamfuata. Mwishowe akalia, na alipofungua mdomo ili alie, kijiko kikapenya. Uji wote ukarudi, ukateremka shingoni pamoja na maziwa aliyonyonya alfajiri.

Narae alisimama mlangoni na mkoba wake mgongoni. Alitaka kusema, "Bibi, muache." Lakini yeye ni nani, mtoto wa darasa la sita, amfundishe kulisha mwanamke aliyelea watoto wanne katika miaka ambayo shayiri iligawanywa kwa kiganja? Akachukua kitambaa, akafuta sakafu, akaenda shule. Njia nzima aliyaona mashavu ya mdogo wake. Yalikuwa yamepungua.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka la mikate ya mchele, katika mji wa Gurye, chini ya mlima Jiri. Baba alikuwa mhandisi wa meli, na siku zake nyingi zilikuwa baharini. Bibi na Mama ndio walioendesha duka: mmoja akiloweka mchele, mwingine akiusaga na kuupika kwa mvuke. Katika mikate walipatana vizuri sana. Katika suala la Garam hawakupatana hata kidogo.

Siku moja Mama alirudi kutoka zahanati akiwa na sura ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama," alimwambia Bibi kwa adabu, "nesi amesema tumuache Garam ajilishe kwa mikono yake. Tumkalishe wima, tumwekee vipande virefu kama kidole, ashike mwenyewe."

Bibi aliacha kuchagua maharage. "Ajilishe? Kwani bibi yake amekufa?"

"Hapana, Mama."

"Basi mikono ya nini? Mtoto wa watu si kuku, umtupie chakula adonoe."

"Anaogopa kijiko, Mama. Amepungua."

Bibi alikitazama kijiko kilichokuwa kando yake, kijiko kilekile kilichomlisha baba yake Narae. "Haya," alisema. "Jaribuni. Lakini Mwaka Mpya ukifika na hajanona, kijiko kinarudi, na sitaki kusikia neno la nesi ndani ya nyumba hii."

Jioni ile Mama alipika boga kwa mvuke, akakata vipande. Akakibonyeza kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikasagika.

"Tazama, Narae. Ufizi wa mtoto una nguvu kama za vidole hivi tu. Kikisagika hapa, kitasagika kinywani mwake. Kisiposagika, hakiingii. Hata kiwe kitamu vipi."

Garam alikikamata kipande cha boga, akakifinya, akajipaka usoni, akakiangusha. Akachukua kingine. Hicho kilifika mdomoni. Mara akakohoa, uso ukawa mwekundu, Narae akaruka.

"Tulia," Mama alisema bila kuyaondoa macho kwa mtoto. "Akikohoa kwa kelele, anapambana mwenyewe. Ukiona hana sauti, hapo ndipo uniite. Usingoje hata kidogo."

Garam alitema, akatazama alichokitema, akakirudisha mdomoni. Halafu akacheka.

"Ona sakafu yangu," Bibi alinung'unika kutoka dukani. "Boga limekula mtoto, mtoto hajala boga." Lakini Narae alimwona akichungulia kila mara mlango ulipofunguliwa.

Wiki zilipita. Boga, kiazi kitamu, karoti iliyoiva mpaka ikalegea. Mashavu ya Garam yakaanza kurudi. Bibi alisema ni maziwa tu.

Ikafika siku ya kuamkia Mwaka Mpya. Gurye nzima ilitaka mikate mirefu myeupe ya kunata, ile inayokatwakatwa kwenye supu ya asubuhi ya sikukuu. Foleni ilitoka dukani ikazunguka kona. Mama alikuwa kwenye mashine, mikate ikitoka kama kamba nene ikifuka mvuke. Bibi aliikata kwa mkasi. Shangazi, dada yake Baba, alikuja kusaidia kufunga, akaja na mwanawe Ujin, rika la Narae.

Narae aliachiwa Garam kwenye chumba cha nyuma, na bakuli la boga.

"Kwa hiyo huyu ndiye bingwa wa kula?" Ujin alisema, akitafuna mkate wa moto aliouchovya kwenye sharubati ya nafaka. "Boga lililopondeka! Hata babu yangu asiye na meno analimudu."

"Anakula kila kitu," Narae alisema.

"Kila kitu cha wagonjwa. Mtoto wa duka la mikate ya mchele, na mkate hajawahi kuuonja. Aibu gani hii?"

Narae aliona uso ukimchoma. Akachukua kipande cha mkate kutoka kwenye sahani ya Ujin. Kilikuwa na joto, laini, kirefu kama kidole, kana kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa Garam. Akakibonyeza kati ya vidole viwili.

Kikabonyea. Alipoachia, kikarudi kama kilivyokuwa.

Vidole vyake vilijua. Akavinyamazisha.

"Tazama sasa," alisema, akampa mdogo wake.

Garam alifurahi. Akauma kwa vimeno vyake viwili, akavuta, kipande kikakatika. Akatafuna, akatabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

Hakukohoa. Hakulia. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Macho yalimkodokea Narae, yakimwomba kitu.

Narae alijua la kufanya. Alijua anapaswa kupiga kelele. Lakini sauti ilikwama kooni mwake kama ule mkate kooni mwa Garam, na mikono yake ikawa si yake. Midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi, naye amekaa tu, anatazama.

Aliyepiga kelele ni Ujin. "Amepaliwa! Jamani, Garam amepaliwa!"

Bibi alikuwa karibu zaidi. Aliingia, akapiga magoti, na kidole chake kilikuwa kimeshanyooka kuelekea kinywani mwa mtoto ili akichokoe kile kipande.

"Usitie kidole!"

Sauti ya Mama ilifika kabla yake. Akaupiga mkono wa Bibi, paa!, ukasukumwa kando. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, na wote waliona: mke wa mwana amempiga mkono mama mkwe wake, siku ya kuamkia Mwaka Mpya.

Mama hakumwona mtu. Alimlaza Garam kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Akapiga tena. Na tena. Kipande cheupe kikaanguka sakafuni.

Halafu Garam akalia. Lilikuwa yowe la kupasua masikio, na hakuna aliyetaka linyamaze.

Mama alimkimbiza zahanati akachunguzwe. Waliporudi, mtoto akiwa salama, duka lilikuwa limefungwa na Bibi alikuwa amekaa peke yake, ameushika mkono wake.

"Yamekwisha," Bibi alisema. "Kesho kijiko."

"Niliwaambia mapema," Shangazi alidakia. "Mambo ya kumwachia mtoto mikono! Ameokota mkate sakafuni, nani atajua?"

Mama hakubisha. Alichukua bakuli la boga, akalimwaga kwenye ndoo ya taka. Narae alimwangalia. Ujin naye alimwangalia Narae, kisha akatazama soksi zake. Neno lilikuwa hapo, ulimini mwa Narae, dogo tu, na halikutoka.

Asubuhi ya Mwaka Mpya walivaa nguo mpya. Mama aliinama mbele ya Bibi mpaka paji la uso likagusa mikono yake sakafuni. Narae na Ujin wakainama baada yake. Bibi aliwabariki, lakini Mama hakumtazama usoni. Supu ikaletwa.

Kisha Bibi akamchukua Garam, akambana katikati ya magoti, akashika kidevu. Kijiko kikaja. Garam akafumba mdomo. Akanyoosha mkono mtupu hewani, akatafuta boga lake, akakosa. Machozi yakaanza kumtoka kabla hata kijiko hakijamgusa.

"Ni mimi," Narae alisema.

Wote waligeuka.

"Hakuokota. Mimi ndiye niliyempa mkate. Nilitaka Ujin aone. Niliubonyeza, Bibi, haukusagika, nikajua, nikampa hivyohivyo. Halafu nikashindwa kuita." Sasa alikuwa analia. "Mikono yake haina kosa. Ni yangu."

"Na mimi nilimchokoza," Ujin alisema, kwa sauti ya chini.

Mama alimwita Narae karibu. "Vidole vyako vilikuambia ukweli," alisema, "wewe ukavinyamazisha kwa sababu ya sifa. Sifa ile ilitaka kutugharimu ndugu yako. Kumwacha mtoto ajilishe si kumwacha apewe chochote. Mkono ni wake, lakini kuchagua na kulinda ni kazi yetu, kila kipande, kila siku. Na ukikosea, sema palepale. Jana ulinyamaza, leo angekula kijiko kwa kosa asilolifanya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Bibi alikiweka kijiko chini, akainuka kwa tabu, akaenda jikoni. Alirudi na kipande cha boga lililobaki kwenye sufuria ya mvuke. Akakibonyeza kati ya vidole viwili mbele ya watu wote. Kikasagika. Akakiweka mbele ya Garam, na Garam akakidaka.

"Anakula kama mwizi," Bibi alisema, akajifuta jicho.

Lakini Shangazi alikuwa bado hajaridhika. "Mambo ya mtoto yamekwisha. Ya mkono je? Mji mzima unasimulia. Mama Narae, leo ni Mwaka Mpya. Muombe Mama radhi."

Narae aliomba moyoni mama yake akubali tu, yaishe.

Mama alipiga magoti mbele ya Bibi, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaupapasa taratibu pale palipokuwa na wekundu.

"Mama, umenipokea katika nyumba hii, umenifundisha kazi, na nitakuinamia kila mwaka mpaka nizeeke," alisema. "Lakini kidole chako kingekisukuma kile kipande ndani zaidi. Kidole hicho kikirudi tena, nitakipiga tena. Kwa hilo siombi radhi."