Kibanio cha Kidoleni

Fundi huyu wa mashine za hospitali alikuwa rafiki yangu. Aliyenihadithia ni nesi aliyekuwapo.

Dada yake alikuwa hoi kitandani, na mashine ya kupimia mapigo ya moyo ilikuwa bado haijafungwa. Akaifunga mwenyewe ukutani. Akaiwasha, akajibana kidoleni kibanio chake cha kusomea mapigo kuijaribu, kama wafanyavyo mafundi. Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Kioo cha mashine kilizima, giza likawa totoro, lakini mlio ukaendelea kwa betri, ti... ti... ukizidi kupungua kasi. Akasahau kibanio kiko kidoleni mwake yeye, akaona dada ndiye anayekwenda.

“Dada, usiniache,” akamsihi, akimshika mkono.

Mlio ukakoma.

“Mimi nipo, kaka,” dada akajibu gizani. “Mbona mkono wako umekuwa baridi hivi?”