Mheshimiwa wa Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba ya Anatolia, huko Kimuli, palikuwa na mgomba ulioitwa Mheshimiwa. Watu wa nyumba hiyo waliupa jina hilo kwa utani. Ulikuwa mnene, umeshiba, na haukujua kiangazi ni nini. Migomba mingine ya kibanja ilipokunja majani kwa jua kali, Mheshimiwa alizidi kunawiri. Mkungu wake ulihitaji wanaume wawili kuubeba. Siku ya mavuno kanisani, watu waligeuza shingo kuutazama.

"Mungu ni mwema," Anatolia alisema kila alipoupita, na alisema kwa moyo wote. Mgomba huo ulipandwa na mama mkwe wake, Bibi Benadeta, siku walipohamia nyumba mpya. Ilikuwa zawadi ya kumkaribisha mkwe.

Kila asubuhi Anatolia aliosha vyombo kwenye sinki la uani. Makombo, mafuta na majivu ya kusugulia masufuria vilishuka pamoja na maji kwenye tundu, vikapotea. Vilikwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Mumewe, Cleophace, baba wa mtoto wao Theoneste, alikumbuka tu kwamba mafundi walizika bomba, na kwamba mahali fulani palikuwa na chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba, na shimo la maji machafu. Wapi hasa, nyasi ndizo zilizojua.

Shida ilianzia chumbani kwa Bibi Benadeta. Chumba chake kilikuwa kwenye kona, upande wa uani. Kwanza ukuta ulitoa unyevu. Kisha plasta ikabanduka. Kisha ukaja ufa. Cleophace akakoroga saruji, akauziba. Ufa ukarudi. Akauziba tena, nao ukarudi mpana zaidi, hata kidole kikapita. Nguo za Bibi zilinuka ukungu, na kifua kikaanza kumbana.

Wakamhamishia sebuleni. Bibi hakupenda hata kidogo.

"Nalala sebuleni kama abiria aliyekosa gari!" alilalamika. "Hii si nyumba ya mwanangu?"

Anatolia alicheka, lakini moyoni aliogopa. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Kona ile ikianguka, chumba cha Bibi kingekwenda nayo, na pengine nyumba yote.

Siku moja Cleophace alikuwa anakoroga saruji tena. Jirani yao Mwaja akapiga hodi. Alikuwa amekuja kununua ndizi. Mwaja alikuwa binti wa mwenye duka pale senta, na kazi yake ilikuwa ufundi bomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uone kilichonifukuza chumbani kwangu."

Mwaja akaingia, akapapasa ukuta kutoka juu hadi chini.

"Juu pakavu, chini pameloa," alisema. "Maji haya hayatoki kwenye paa. Yanatoka ardhini."

Cleophace akaweka mwiko chini. "Mimi nimeziba ufa mpaka nimechoka. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ufa umeuziba, baba Theoneste. Maji hujayaziba. Chemba yenu iko wapi?"

Mke na mume wakatazamana. Mwaja akacheka. "Basi tuitafute."

Alichukua kipande cha nondo, akaanza kuchomachoma kwenye nyasi taratibu, upande wa mteremko. Nondo ikagonga kitu kigumu. Wakafukua udongo, wakaukuta mfuniko wa zege.

"Inueni, halafu mrudi nyuma," alisema Mwaja. "Msiinamishe uso hapo. Hewa ya humo ni mbaya, iacheni itoke. Na chemba ikiwa wazi, mtoto asikaribie."

Ndani mlikuwa na tope kavu tu.

"Mama Theoneste, leo umeosha vyombo?"

"Tangu asubuhi naosha."

"Mbona maji yako hayajafika hapa?"

Mwaja akaomba bluu, ile ya kufulia nguo nyeupe. Akaikoroga kwenye ndoo ya maji, akaimwaga yote kwenye sinki. Wakasimama kandokando ya chemba wakingoja. Hakikuja kitu. Mwaja akatazama kutoka kwenye sinki hadi kwenye chemba, mstari mmoja ulionyooka. Katikati ya mstari huo, karibu kabisa na ukuta wa Bibi, alisimama Mheshimiwa.

Akachimba kwa uangalifu pembeni ya mgomba. Udongo ulikuwa tope. Mara maji ya bluu yakachuruzika kati ya mizizi.

Kisha Bibi Benadeta akauliza polepole, "Kumbe ni mgomba wangu?"

"Bibi, shimo la mgomba huchimbwa refu," alijibu Mwaja. "Nadhani jembe liligonga bomba, bomba likapata ufa. Mizizi ikafuata maji, ikaupanua ufa na kuziba njia. Maji yaliyobaki yakaelekea kwenye msingi wa nyumba."

Macho ya Bibi yakalengwa na machozi. "Nilitaka kumkaribisha mkwe wangu. Kumbe namvunjia nyumba."

Anatolia akamshika mkono. Alimhurumia sana. "Mama, zawadi yako imetulisha miaka yote hii. Bomba lililofukiwa bila alama, ungelijuaje?"

Cleophace alitazama mgomba, akamtazama mama yake. Hakuthubutu kusema lililopaswa kusemwa. Bibi ndiye aliyelisema.

"Cleophace, lete panga. Mheshimiwa ameshiba vya kutosha."

Kwanza Bibi alichagua chipukizi moja lenye afya, likang'olewa vizuri na kuwekwa kivulini. Kisha shina zima likang'olewa. Mwaja akavaa glavu, akafukua bomba lote lililoharibika. Akakata kipande kibovu, akasafisha na kukausha ncha mbili zilizobaki. Akaunga kipande kipya kwa soketi, vile viungio vya bomba, na gundi yake.

"Msilifunge kwa mpira wa baiskeli wala nailoni," alisema. "Litavuja tena, nanyi hamtaliona."

Bomba akalilaza juu ya mchanga, likiinama kidogo kuelekea kwenye chemba, ili maji yatembee yenyewe. Cleophace akashika chepeo ili afukie.

"Bado!" Mwaja akamzuia. "Unafukiaje kitu usichokijaribu?"

Ikamwagwa ndoo nyingine ya bluu. Safari hii maji yalifika kwenye chemba mbio mbio. Anatolia akapiga vigelegele, kama yuko harusini. Wakakagua kila kiungo. Pote palikuwa pakavu. Ndipo wakafukia, wakaweka mawe juu ya ardhi kuonyesha bomba linapopita. Wote wakanawa mikono kwa sabuni.

"Mfuniko wa chemba usifukiwe tena," Mwaja aliwaambia wakinywa chai. "Ufungueni kabla ya mvua za masika na za vuli, mtoe tope. Kwenye sinki wekeni chujio. Makombo wapelekeeni mbuzi, majivu yapelekeni kibanjani. Mafuta yafuteni kwa karatasi, maana yakipoa ndani ya bomba huganda. Na migomba ikae mbali na njia ya maji."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Anatolia. "Ungenunua ndizi ukaenda zako, sisi tungezidi kukoroga saruji."

Vuli ilikuja kwa kishindo. Usiku wa mvua kubwa Anatolia hakuwa na hofu. Ukuta ulikauka taratibu, na ulipokauka kabisa Cleophace aliziba ufa. Haukurudi tena. Bibi Benadeta alirudi chumbani kwake na kitanda chake, na kifua kikamwachia.

Lile chipukizi walilipanda mwisho wa kibanja, mbali na nyumba, kwa samadi ya mbuzi. Lilipozaa, Cleophace aliubeba mkungu peke yake, tena bila kuhema. Bibi Benadeta alikataa usiende sokoni. Aliusindikiza mwenyewe hadi nyumbani kwa Mwaja.

Mwaja aliupokea kwa mikono miwili, akatabasamu. "Ahsante sana, Bibi. Lakini Mheshimiwa amekonda!"

"Huyu amekula samadi," alijibu Bibi Benadeta. "Yule wa kwanza alikuwa anakula chumba changu."