Shali Iliyoachwa Wazi

Kisa hiki alikisimulia kwanza mama yangu mdogo Lidwina, mwaka 2001, kule Madaba, siku ya kuanua tanga la babu. Mumewe Otto alikuwepo, na hakumkatiza ila kwenye mwaka. Yeye alisema ni 1992, Lidwina akasema 1993. Nimeufuata wa Lidwina. Mimba ilikuwa yake.

Jioni ya kisa chenyewe alitoka kwake, mtaa wa Lizaboni, kwenda mtaa wa Mjimwema kuchukua shali ya mtoto. Ilikuwa Juni, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na mimba ilikuwa imefika mwezi wa saba. Mbili za kabla ziliharibika zikiwa na umri huohuo. Hii ya tatu, alisema, aliibeba kama mtu aliyechota maji kwa viganja.

Shali alikuwa ameifuma mwenyewe. Wifi yake Jane, dada yake Otto, ndiye aliyempeleka kwa Mama Chande, mwanamke aliyefundisha kufuma kwa kroshia katika chumba chake cha uani. Huyo Chande mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Mchoro ulikuwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo lililokuja ndani ya robota la mitumba. Herufi zake hakuna aliyezijua, lakini alama zilisomeka. Kiduara ni mnyororo. Msalaba ni fundo fupi. Mti mrefu uliokatwa mstari kiunoni ni fundo refu. Unaanza katikati, unazunguka kwenda nje.

Mama Chande hakuwa mpole.

"Mikono gani hii? Ya kupukuchulia mahindi," alimwambia siku ya kwanza. "Fumua."

Lidwina akikosea hata fundo moja, Mama Chande aliushika uzi mwenyewe na kufumua mzunguko mzima. Polepole. Akitabasamu.

Na kila alipofumua, mtoto tumboni alitulia.

Lidwina alimweleza Jane. Jane akacheka.

"Wifi, mtoto hasomi mchoro! Wangu wawili wanakimbizana uani, wewe bado unahesabu mafundo."

Siku ya mzunguko wa mwisho, Lidwina aliuliza namna ya kumalizia. Anayejua kufuma anaelewa kwa nini aliuliza: kazi nzima hushikwa na kitanzi kimoja. Kikiwa wazi, mtu akivuta uzi, kazi yote inarudi kuwa uzi.

Mama Chande akaichukua shali kutoka mapajani mwake.

"Kitanzi cha mwisho hufungwa na mwalimu. Njoo kesho jioni. Peke yako."

Ndiyo safari niliyoanza nayo. Alipofika, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa tu.

"Hodi..."

Akatega sikio.

Kisha akaisikia. Trrr... trrr... trrr... Sauti ya mafundo yanayoachiana.

Harufu ikamjia, kama ya nywele zilizoungua. Na chini ya harufu hiyo, maziwa.

Akasukuma mlango. Mama Chande alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, kibatari sakafuni. Uzi mweupe ulitoka kwenye shali, ukapita kati ya vidole vyake, ukajikunja kuwa donge.

Tumbo la Lidwina likavutwa. Haukuwa uchungu wa uzazi, alisema. Ilikuwa kama kamba inayovutwa kutoka nyuma ya kitovu.

Kando ya kigoda kulikuwa na kapu. Ndani yake madonge mengine mawili ya uzi, moja la manjano, moja la kijani. Akazitambua rangi. Jane alizifumia kofia zile mimba mbili za kwanza. Mimba zilipoharibika alikuja kuzichukua kofia hizo. "Zisikutie simanzi, wifi."

"Shikamoo," Lidwina alinong'ona. Hakujua kwa nini alisalimia.

"Marahaba." Mama Chande hakugeuka. "Umewahi. Kaa. Sijafika katikati."

Trrr...

Mtoto hakucheza.

Lidwina akairukia shali, akavuta kwa nguvu zote. Lakini kadiri alivyovuta, ndivyo ilivyozidi kufumuka. Mama Chande akacheka kooni.

"Vuta, mwanangu. Vuta unisaidie."

Akaacha kuvuta.

Akaupeleka uzi mdomoni, akaukata kwa meno. Ncha iliyobaki akaipitisha ndani ya kitanzi, akakaza. Hakuna aliyemfundisha. Alikaza kama mkunga anavyofunga kitovu.

Kibatari kikazimika.

Na gizani, karibu kabisa na sikio lake...

"Nani amekuonyesha kufunga?"

Hakumbuki alivyotoka. Anakumbuka kwamba alipokaribia Lizaboni mtoto alipiga teke, naye akaketi chini palepale njiani, akalia kwa sauti.

Jane alikuwa mlangoni, kanga kichwani. Aliitazama shali, sasa ndogo kama kitambaa cha meza. Hakuuliza imekuwaje.

"Umeifunga," alisema taratibu. "Haya. Basi watabaki wawili."

Asubuhi Otto alikwenda Mjimwema. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Majirani walisema mama yule amehama, na kila mmoja akataja njia yake: Njombe, Tunduru, Mbinga.

Ukurasa wa mchoro ulibaki kwa Lidwina, na sasa ninao mimi. Mwishoni pana pembetatu ndogo nyeusi. Mtawa mmoja anayefundisha ufundi aliniambia maana yake: hapa, kata uzi. Alama nyingine zote Mama Chande alizifundisha.

Mtoto alizaliwa Agosti, wakamwita Saimon. Yu hai. Otto alifariki mwaka 2009. Lidwina yu hai, ingawa macho yamefifia. Mama Chande hatujui. Katika ukoo wetu hakuna aliyesikia habari za mazishi yake. Jane yu hai. Alikaa katika ndoa miaka mingi bila kuzaa, kisha akapata wawili, kila mmoja katika mwaka ambao Lidwina alipoteza wake. Nao wako hai, watu wazima, na hawana kosa lolote. Wa kwanza anafanana na Otto. Hilo si ajabu, Otto ni mjomba wake.

Wa pili anafanana na Lidwina.