Gitaa la Sola

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alifagia karakana ya baba yake mdogo. Baba mdogo alikuwa fundi makochi. Vipande vya sponji vilizagaa sakafuni kama makombo ya mkate, gundi ilinukia kila pembe, na fundi mwenyewe alibana misumari midogo midomoni huku akigongelea kitambaa kwenye mbao. Mtu mwenye misumari mdomoni hana maneno mengi. Sisimizi naye alikuwa mkimya. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu alikuwa mdogo na hakusikika akipita. Basi wawili hao walielewana bila kusemezana sana.

Jambo moja tu lilimshangaza. Redio ikianza kupiga ule wimbo wa zamani unaojulikana na wakubwa kwa wadogo, wenye gitaa tamu mwanzoni, baba mdogo aliinuka akaizima.

"Mbona unaizima, Baba?" Sisimizi aliwahi kuuliza.

"Mmh," alijibu baba mdogo, misumari ikiwa bado mdomoni.

Siku moja mwalimu wa kompyuta alilipa darasa kazi mpya. Katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na hata kuiandikia, kulikuwa na kurasa zilizotiliwa shaka. Kila mwanafunzi angechunguza ukurasa mmoja, kisha aseme kama ubaki au uondolewe.

"Msiangalie kama mtu huyo mnampenda," mwalimu alisema. "Tafuteni kama kuna watu wengine, wasio ndugu wala rafiki zake, walioandika habari zake."

Sisimizi alifungua ukurasa aliopewa, moyo ukamlipuka. Aliyekuwa pichani ni baba mdogo, gitaa mapajani, ameketi kwenye kochi ambalo Sisimizi mwenyewe alilipangusa vumbi. Ukurasa ulimwita mwanamuziki maarufu. Ulisema kwamba katika ule wimbo wa zamani, ndiye aliyepiga gitaa la sola.

Mwenzake wa meza ya pili alichungulia. "Gitaa la sola! Basi hilo ni la mchana tu. Jua likizama, watu mwende mkalale!"

Wengine waliangua kicheko. Sisimizi hakucheka. Alitafuta mtandaoni, akapata tovuti tatu zinazomtaja baba mdogo. Zote tatu ziliandika gitaa la sola. Lakini gitaa linaloongoza wimbo huitwa la solo, si la sola. Watu watatu wasiojuana wangekoseaje neno lilelile? Hawa walikuwa mashahidi watatu wenye mdomo mmoja.

Tena mdomo wenyewe aliujua. Mtoto mkubwa wa baba mdogo aliuza chaja na taa za sola kwenye kibanda karibu na stendi, na wateja walimwita Chaja. Simu yake ilikuwa imezoea kuandika sola kutwa nzima, hata solo iliigeuza sola.

Jioni Chaja alimngoja mlangoni.

"We Sisimizi. Nasikia mnachunguza kurasa za watu."

"Ndiyo, kaka."

"Wa mzee umeuona?"

Sisimizi alitazama chini.

"Umeuona. Sasa fungua masikio. Kuna ukumbi wameusoma ule ukurasa, wanataka mzee akapige kila Jumamosi. Ukituharibia, utanitambua. Na usisahau hapa unakula kwa nani."

Usiku ule Sisimizi alisukuma sahani kando. Mama mdogo alimgusa paji la uso. "Homa huna. Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, Mama."

Wazazi wake walifanya kazi mbali, na nyumba hii ndiyo aliyokuwa nayo. Kila mlango ulipolia kwa upepo, alishtuka akidhani wanakuja kumwambia afungashe nguo zake.

Kesho yake aliketi mbele ya kompyuta. Njia rahisi ilikuwepo. Angeandika: "Vyanzo vitatu, ukurasa ubaki." Nani angejua? Alianza kuandika. Vidole vilitetemeka hadi akakosea neno ubaki mara mbili. Mara akasikia viatu vya mwalimu nyuma yake.

"Umefikia wapi?"

Sisimizi alijikuta amesimama. "Mwalimu, naomba huu umpe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Ni... ni baba yangu mdogo."

Mwenzake wa meza ya pili aligeuka kumtazama.

"Umefanya vizuri kusema," mwalimu alisema taratibu. "Mtu hamhukumu ndugu yake. Lakini je, kuna kitu ulichokiona?"

Bado angeweza kusema hakuna. Alishika ukingo wa meza. "Tovuti zote tatu zina kosa moja," alinong'ona, mpaka mwalimu akainama ili amsikie. "Nadhani aliyeandika ni mtu mmoja."

Mwalimu alisoma tovuti zile, akatikisa kichwa. "Ni kweli, hivi si vyanzo. Kesho tutaujadili ukurasa huu. Mtu wako ana haki ya kujua mapema. Kamuulize kama kuna hata gazeti la zamani lililomtaja na gitaa hilo."

Kumuuliza! Hilo lilimtisha kuliko yote. Alirudi nyumbani akijikokota, akapita mlango wa karakana, akarudi, akapita tena. Mwishowe aliingia. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti kando ya kochi. Chaja naye alikuwepo, anafuta spika kubwa aliyoiazima kwa ajili ya Jumamosi.

"Shikamoo, Baba."

"Mmh."

Sisimizi alifumba macho, akasema yote kwa pumzi moja: ukurasa, tovuti, sola, mjadala wa kesho.

Chaja aliruka. "Nilikwambia nini mimi?"

Baba mdogo aliinua mkono. Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, kisha akaketi juu ya sponji kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mwache mtoto," alisema. "Gitaa lile si mimi. Alipiga mwenzangu, tukimwita Shoto kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Alishafariki. Mimi siku ile nilitikisa manyanga tu, vile vibuyu vyenye mbegu ndani."

Chaja aliduwaa. "Baba! Lakini nilikuuliza nilipokuwa mdogo, ukasema umo kwenye wimbo ule."

"Nimo. Uliposhangilia, nikashindwa kukwambia nimo wapi. Sasa watu wa ukumbi wanataka nianze na gitaa lile." Alionyesha vidole vilivyochubuka. "Nafanya mazoezi mkiwa hampo. Haliji. Pikipiki ikisimama nje, naogopa kwamba ni wao."

Sisimizi alimkodolea macho. Kumbe ndani ya nyumba ile hakuwa akiogopa peke yake.

Chaja alitoka nje, akapiga simu ukumbini, akasema ukweli. Wakatafuta mpigaji mwingine. Kisha akafuta maandishi yake katika tovuti zote tatu. Alinuna siku kadhaa, mpaka alipomletea Sisimizi taa ndogo ya kusomea. "Chukua, hii ndiyo sola yenyewe," alisema. "Na ule mdomo wangu wa siku ile, unisamehe."

Ukurasa uliondolewa siku ile ya mjadala. Mwalimu alipouliza nani yuko tayari kutafuta magazeti ya zamani yaliyomtaja Shoto, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Sisimizi.

"Nilikuwa nimevaa sifa ya mwenzangu," baba mdogo alimwambia jioni ile, "na cha kuazima hakisitiri maungo. Yeye nilimwacha uchi, na mimi mwenyewe ilinibana. Wewe ulitetemeka, lakini ulisema kweli huku ukitetemeka. Ujasiri ndio huo, mwanangu."

Redio ikaanza kupiga ule wimbo. Sisimizi aliacha kufagia. Baba mdogo aliinuka, akaiendea redio, akaongeza sauti.

"Huyo ni Shoto," alisema gitaa lilipoingia. Kisha akainua nyundo juu. "Ngoja... ngoja... hapo! Cheke-cheke, cheke-cheke. Umesikia? Huyo sasa ndiye mimi!"