Saidati, Mukasine na Shambulio la Siku Sifuri

Saidati aliuza vitenge karibu na Petite Barrière, lango la mpaka wa kuingia Goma, mjini Gisenyi. Alikuwa na watoto wawili, simu moja, na wivu wa kutosha mtaa mzima. Wivu huo wote aliutumia kwa mtu mmoja: Mukasine, aliyeuza vitenge meza ya jirani.

Kila asubuhi wateja wa Goma waliagiza kwa simu kabla ya kuvuka mpaka. Simu ya Mukasine ikilia, Saidati aliikagua yake kama bado inawaka. Simu yake mwenyewe ikimwomba aisasishe, alikataa. Aizime, wateja wahamie kwa yule? Asilani!

Siku moja picha ya kitenge iliingia kwenye kundi la wauzaji. Hakuna aliyeigusa. Hata hivyo, simu za wengi, ya Saidati pia, zilijifunga. Namba za wateja zilipotea, na mwizi akaanza kuwaandikia wateja hao akijifanya muuzaji.

"Hata ya Mukasine?" Saidati aliuliza.

Alipoambiwa ndiyo, machozi yake yalikauka kidogo.

Lakini kesho yake fundi alimrudishia Saidati simu tupu, na Mukasine alikuwa anapokea oda tena. Wateja wa Saidati wakaanza kusimama mezani kwa Mukasine. Huyu ana mganga, Saidati aliwaza. Alivumilia hadi watoto wakala maharage bila mafuta. Ndipo akameza kiburi chake, kichungu kuliko kwinini.

"Mama Alliance, dawa yako unaitoaka wapi?" alimwuliza Mukasine.

"Dawa gani, Mama Umuhire? Mi nawekaka kopi ya namba na picha kwa kadi ya memori, kadi inabaki nyumbani. Fundi alifuta simu yote, nikarudisha vitu vyangu. Na nilipigia wateja kwa simu ya bwana, nikawaonya."

"Lakini we unasasishaka simu kila mara! Mwizi aliingia namna gani?"

"Alipita kwa tundu yenye hata watengenezaji hawakuijua. Wanaiitaka shambulio la siku sifuri, juu hawakupata hata siku moja ya kuiziba."

"Donc, basi kusasisha ni bure!"

"Hapana, dada. Mbele ya shambulio kufika unaweka kopi, unaweka namba ya siri ya pili ili mwizi asijifanye wewe, unaondoa programu zenye hautumii. Watengenezaji wakitoa kiraka cha kuziba tundu, unakiweka palepale. Saa hiyo wezi wote wanaijua ile tundu."

"Kiraka kilitoka?"

"Jana. Weka sasa."

"Asubuhi hii? Ili wateja wangu waje kwako? Ashwi da, sitaki!"

Mukasine alicheka hadi akashika meza. "Bon, sawa. Tusasishe simu zetu zote mbili pamoja. Mi pia nitasasisha tena programu zangu."

Waliziweka simu ubavu kwa ubavu. Kila mmoja aliichunga simu ya mwenzake kama mbuzi aliye karibu na mahindi.

Mwezi uliofuata picha kama ile ilirudi kundini. Walioahirisha kiraka walilia upya. Saidati na Mukasine waliuza vitenge mpaka jioni, na watoto wa Saidati walikula maharage yenye mafuta, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, juu yake.

Tangu hapo wawili hao husasisha simu kwa wakati mmoja. Wateja wa Goma hulalamika kwamba hawajibiwi. Saidati hatingishiki. Moyo wake umetulia kabisa, maana kwa Mukasine pia hawajibiwi.