Mkwe wa Mjomba Fombe

Vita vilipokwisha, mjomba wangu Fombe alirudi kijijini kwetu Gorongosa na nishani ya ushujaa kifuani. Alimuua kamanda wa waasi kisimani, peke yake. Redio ilisema hivyo, nasi tukavimba vichwa kijiji kizima.

Kwetu askari haingii uani wala hagusi chungu kabla ya kuogeshwa dawa, ili aliowaua wasimfuate. Mama alimngoja njiani na beseni la majani.

"Kaka, vua kwanza."

"Serikali imeshaniosha!" Akampita, akafunua chungu mwenyewe. Tukacheka naye, wajinga sisi.

Miezi mitatu baadaye, mchana, nilikuwa namsuka binti yake, Delfina. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ile, na alikuwa akinitania kwamba nina mikono mizito. Ghafla shingo ikamkakamaa. Akamgeukia baba yake, aliyekuwa anakula. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanaume.

"Shikamoo, baba mkwe."

Tonge likamdondoka mjomba.

"Nilinyoosha mikono juu. Nikaomba maji. Ukasema, kunywa, ndugu yangu. Nikainama. Ukanipiga risasi kisogoni."

"Mwongo!"

"Vua nishani, uwaambie watu ulivyoniua, nimwache mwanao. Ukikataa, nimeoa."

Ijumaa watu wakajaa uani kusikia jibu la mjomba. Delfina alipiga magoti, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Baba, nakuomba."

"Kaka, sema tu," mama alimnong'oneza. "Ni damu yako."

Mjomba aliwatazama watu waliomwita shujaa. Akaifunika nishani kwa kiganja.

"Nilimuua uso kwa uso."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia siku ile.

Delfina akaacha kulia. Akasimama. Akacheka taratibu, kicheko kizito cha mwanaume. Watu wa bwana harusi waliondoka bila kuaga.

Tulimjengea Delfina kibanda, kama kwetu anavyojengewa msichana aliyeolewa na mfu. Hakuna mwanaume aliyemsogelea tena. Na kila siku, kabla ya kula, mjomba alipiga magoti mlangoni pale, akapiga makofi kumwamkia mkwe wake. Siku asipofanya hivyo, chakula kilimkwama kooni. Miaka ishirini na sita, shujaa mzima!

Mwezi uliopita tulimzika mjomba. Tulipotoka makaburini, mlangoni pa kibanda chake, nilimuuliza Delfina, ambaye sasa ana mvi, kama hatimaye yuko huru.

"Huru?" alinong'ona. "Dada, sasa wako wawili humo ndani. Baba hanyanyuki."

Nilichungulia. Sakafu alikuwa ameisiriba kwa udongo asubuhi ile ile, bado mbichi, na hakuna aliyeikanyaga. Mbele ya mkeka kulikuwa na alama mbili za magoti, zimezama.