Mgongo wa Dobi

Watu wa mtaani walimwita Mzee Mkunjo. Alikuwa dobi. Suruali ikipita mikononi mwake, mkunjo wake ulisimama wiki nzima.

Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mji wa mbali. Alirudi nyumbani shule zilipofungwa tu. Siku nyingine zote Mzee Mkunjo alikula peke yake, kwenye meza ya kupigia pasi, simu ikiwa kando ya sahani.

Mgongo ulianza kumuuma taratibu. Akasema ni uzito wa pasi. Akanunua vidonge vya maumivu dukani. Leo viwili, kesho viwili, miezi mitatu ikapita.

Kila jioni mkewe alipiga simu. "Unaendeleaje, baba watoto?"

"Mzima kabisa. Ila nyumba imepooza bila wewe."

Hilo la pili lilikuwa kweli.

Asubuhi moja aliinua blanketi lililolowa. Ubavu ukalia *ka!* Akaanguka chini, jasho likimtoka. Jirani yake akamkuta hapo. Alikuja kuchukua makoti yake meupe, maana alikuwa akipima damu katika maabara ya hospitali.

"Kaka, vipi tena?"

"Blanketi limenishinda, dada, ubavu ukalia. Uzee huo."

"Uzee gani? Blanketi halivunji ubavu. Mbona umepauka hivyo?"

"Sijui. Kiu haiishi, choo kigumu. Nikipanda ngazi tatu nahema kama nimekimbizwa."

Jirani aliona pakiti tupu za vidonge. "Hivi viache kwanza, daktari akuone. Vingine huumiza figo. Twende."

Hospitalini walimpima damu na mkojo. Wakapiga picha ya mifupa. Wakachukua uboho kidogo kwenye nyonga. Majibu yalipotoka, daktari alisema ni myeloma, saratani ya uboho. Mzee Mkunjo alitoka nje kama amepigwa na kitu. Jirani akaketi naye kwenye benchi.

"Ndani ya mfupa mna uboho," alisema. "Humo ndimo damu hutengenezwa. Mna pia seli za kutengeneza kinga dhidi ya magonjwa. Seli moja ya kinga imeharibika. Imezaa nyingine mbovu kama yenyewe, zikajaa."

"Zikawafukuza wenye nyumba?"

"Umesema. Damu inakosa nafasi ya kutengenezwa, ndiyo maana umepauka na unahema. Mifupa inalika, ndiyo maana ubavu umevunjika. Madini ya mifupa yanaingia kwenye damu kwa wingi, yanakuletea kiu na choo kigumu. Tena seli hizo zinatoa protini isiyo na kazi, inayoziba figo. Na kinga ya kweli imepungua. Ukipata homa, usingoje. Njoo hospitali."

"Nitamwambukiza mke wangu?"

"Haiambukizi. Wala hukurogwa."

"Inapona?"

"Mara nyingi haiishi kabisa. Lakini dawa huituliza, na wengi huishi miaka." Akamgeukia. "Wifi anajua?"

"Nilitaka akija akute mume, si mgonjwa."

"Na yeye anataka nini? Umemuuliza?"

Mzee Mkunjo akapiga simu. Alisikia sufuria zikigongana, akamweleza mkewe yote.

"Miezi mitatu nakuuliza hali," mkewe alisema, sauti ikikatika, "wewe unaniambia nyumba imepooza?"

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaja. Alimshika mkono alipochomwa sindano ya kwanza. Alihesabu naye vidonge vya hospitali. Wiki tatu zikaisha kama siku moja, akarudi kazini.

Matibabu yaliendelea. Baada ya miezi minne damu iliongezeka, kiu ikaisha, figo zikatulia. Siku hizi Mzee Mkunjo hainui kitu kizito. Anapiga pasi ameketi, na kliniki haikosi. Jioni simu ikilia, anasema yote.

"Leo mgongo umeuma kidogo asubuhi. Kesho nina sindano. Na nimepiga pasi gauni lako la buluu."

"Lile la kabatini? Si ulilipiga juzi?"

"Nililipiga."

"Lilikuwa limejikunja?"

"Wala."

Mkewe akacheka taratibu. Hakukata simu, wala mumewe hakukata.